Umechemka au Imechemka

Kuna watu wakiona moshi huuliza nini kinaungua. Sanifu angekuuliza kwanza umesema kinaungua au inaungua, na nyumba ingeteketea mkiwa bado kwenye ngeli.

Sanifu si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na majirani, na hawakumpa kwa mapenzi. Alikuwa amesoma prufu katika kampuni ya kuchapa vitabu tangu ujana mpaka nywele zikamkimbia, kazi ya kukaa na kalamu nyekundu akiwinda makosa ya watu wenye majina makubwa. Siku ya kustaafu kalamu aliirudisha, lakini macho akaondoka nayo.

Tangu hapo mtaani hakukukalika. Kinyozi wa pale kona alikuwa ameandika kwenye kibao chake KINYOZI SAFI ANANYOLEWA HAPA. Watu walipita, wakasoma, wakaelewa, wakaingia. Sanifu naye aliingia, akaketi, akafungwa shuka shingoni, ndipo akauliza, "Huyo kinyozi safi anayenyolewa yuko wapi? Nimekuja kumtazama." Kibao kilibadilishwa, si uongo, lakini tangu siku ile Sanifu hunyolewa kwa mashine inayong'oa badala ya kukata. Mpaka leo anadhani ni mashine mbovu.

Mkewe ni mshonaji wa mapazia, mwanamke mwenye mkasi mkali na mdomo unaoshindana nao. Watu humwita Mama Sanifu, na yeye huitika huku akisonya kimoyomoyo, maana hajawahi kusahihisha neno la mtu maishani mwake. Ana kazi za kufanya.

Wenzake kazini walimuaga Sanifu kwa zawadi ya kompyuta, ile ya kukunja. Juu ya boksi walibandika kadi: "Mzee wetu, laptop hii ikukumbushe sisi." Aliisoma mbele yao wote, wakasubiri machozi. Akaomba kalamu. Akakata "laptop" akaandika "kompyuta mpakato", akakata "ikukumbushe sisi" akaandika "ikukumbushe juu yetu", kisha akawarudishia kadi waione. Soda zilinyweka haraka sana siku ile.

Neno mpakato Sanifu alilipenda kuliko alivyowapenda jamaa zake wengi. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliwahi kuhudhuria kikao cha watu wa lugha ambapo neno hilo lilikuwa linajadiliwa, akasimama akalitetea kwa hoja nzito mpaka wapinzani wakakaa. Mwenzake aliyekuwepo anasema Sanifu alikaa karibu na mlango, na kitu pekee alichokitetea ni sahani yake ya vitafunio. Vyovyote iwavyo, yeye aliamini hivyo, na hoja yake aliirudia kwa kila mgeni aliyefanya kosa la kuuliza. Mtoto anawekwa wapi akipakatwa? Mapajani. Na kompyuta hii imeundwa ikae wapi? Mapajani. Basi ni mpakato, na mtu mwenye adabu ya lugha huupakata. "Ukiuweka mezani," alikuwa akimaliza kwa kidole juu, "utauitaje?"

Hakuna aliyewahi kumjibu, kwa sababu hakuna aliyejali.

Mwanzoni mpakato ulimchoma mapaja. Mkewe akamwonea huruma, akamshonea mto mnene wa sponji, akauvika kitambaa cha mahameli kilichobaki kwenye mapazia ya ukumbi fulani. Ulikuwa mto wa kifalme. Ukiweka mpakato juu yake, unazama taratibu mpaka kwenye kingo, matundu yote ya chini yanafunikwa, na mahameli yanajipenyeza hata kwenye yale ya ubavuni. Wewe unayesoma umeshaelewa kitakachotokea. Mtu aliyekaa maisha yake yote akitafuta makosa hakuelewa.

Sasa tuje kwenye harusi, maana bila harusi hakuna aliyejali kama kompyuta ya mzee inapoa au inaiva.

Binti yao wa pekee aliolewa na fundi wa lifti, kijana mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini. Kiswahili chake alikiokota kwenye karakana, na ngeli zilikaa popote zilipopata nafasi. Siku ya harusi alikabidhiwa kipaza sauti awashukuru wakwe. Akasimama, shati limelowa jasho, akamgeukia bibi harusi badala ya wakwe, akasema, "Leo moyo yangu imejaa."

Ukumbi mzima ukaguna kwa raha. Wanawake wakatafuta vitambaa vya machozi. Lakini kwenye meza kuu kulikuwa na kipaza sauti cha pili, mbele ya baba wa bibi harusi, na aliyekiweka pale Mungu amsamehe.

"Wangu umejaa," akasema Sanifu.

Watu wakadhani baba naye moyo wake umejaa. Wakampigia makofi.

"Hapana, hapana." Akasimama. "Ni moyo wangu umejaa. Ukisema yangu imejaa, hiyo ni mioyo. Ni mingi. Sasa naomba niulize, bwana harusi ana mioyo mingapi?"

Yeye alimaanisha ngeli. Katika ukumbi ule wote hakuna mwingine aliyefikiria ngeli. Sauti moja iliyokwisha kunywa ikajibu kutoka nyuma, "Na hiyo mingine kawagawia akina nani?"

Shangazi zake bwana harusi wakainuka kwa pamoja, wakitaka kujua kijana wao anaitwaje malaya mbele ya kadamnasi na mkwe wake mwenyewe. Dada mmoja anayefanya kazi na bwana harusi, aliyekuwa amekaa peke yake karibu na nguzo akijilia keki, akageukiwa na shingo zote za ukumbini. Akaiacha keki. Bibi harusi alilia mpaka wanja ukafika kidevuni. Na Sanifu, Mungu atuepushe, alikuwa bado amesimama, akieleza kwamba mti, mguu, mkono na moyo vyote vinakwenda njia moja.

Maharusi walihamia mji wa mbali kwa ajili ya kazi, na binti akaacha kuzungumza na baba yake. Na mama yake walizungumza kila siku. Simu ilikuwa ikipigwa, mama na mwana wanacheka, wanawasema watu, lakini ikisikika tu kikohozi cha Sanifu karibu, binti anasema, "Haya Mama, tutaongea." Mtoto akazaliwa. Mama Sanifu akafunga safari, akakaa huko, akarudi amenenepa na ana hadithi. Sanifu yeye aliuliza maswali kwa mbali, akijifanya anatafuta miwani. Nywele anazo? Amefanana na nani? Amepewa jina gani, na wameliandikaje?

Lilimuuma. Sanifu alikuwa msumbufu, lakini alimpenda binti yake, na lilimuuma hasa.

Mwishowe mama akamlainisha binti. Binti akakubali kuzungumza na baba yake, ila kwa masharti. "Kwa video," alisema. "Sauti yake naijua, inaweza kuhutubia chochote. Nataka niuone uso wake akiniomba samahani. Akisema, namleta mtoto kwenu. Asiposema, basi tena."

Simu ya mama kamera yake ilikufa tangu ilipotumbukia kwenye beseni la nguo. Ya Sanifu ni ile ya vibonye. Ukabaki mpakato.

Jumapili ya kwanza, baada ya chakula, Sanifu alivaa tai. Akaketi kwenye kiti chake cha mikono, mto mapajani, mpakato juu ya mto, mkewe pembeni. Uso wa binti ukatokea, umekunjwa. Sanifu akasafisha koo.

"Kwanza kabisa," akasema, "napenda kuchukua fursa hii adhimu."

Mpakato ukaanza kuvuma. Sanifu akaongeza sauti. Akaeleza wajibu wa mzazi. Akakumbusha alivyompeleka binti shule ya chekechea siku ya mvua. Akagusia nafasi ya lugha katika malezi, na hapo mkewe akafumba macho. Feni ndani ya mpakato ilikuwa inalia kama pikipiki inayopanda mlima. "Kwa hiyo, mwanangu," Sanifu akafika hatimaye, akishusha mkono kupapasa chini kulikokuwa kunamuunguza, "kuhusu yale yaliyotokea, ningependa kusema kwamba..."

Pu. Kioo cheusi.

Simu ya mama ikaita papo hapo. "Amenifungia!"

"Imejizima yenyewe, mwanangu, imechemka."

"Mama, usimtetee. Nimeuona mkono wake unashuka."

Siku iliyofuata Sanifu alikuwa kwa fundi wa kompyuta, kijana anayevaa koti jeupe na kuitwa Daktari, naye hakatai. Daktari akaupapasa mpakato, akatikisa kichwa.

"Mzee, mpakato yako imechemka."

"Mpakato wako umechemka," Sanifu akamsahihisha.

"Wangu?" Daktari akageuka kutazama mezani kwake. "Wangu mzima. Ni yako ndiyo imechemka."

"Ninachosema ni kwamba useme umechemka."

"Imechemka, umechemka, moto si ni uleule?"

Akaufungua, akapuliza vumbi la kutosha kupandia vitunguu, akapaka dawa ya kupoza, akabadilisha feni. Akasema umepona na sasa unaweza kufanya kazi hata ndani ya tanuri. Daktari ni mtu wa maneno makubwa, na feni mpya aliyoweka ilikuwa na nguvu kweli. Jumapili iliyofuata ilikuwa ikivuta manyoya ya mahameli kwa bidii ambayo ile ya zamani haikuwahi kuwa nayo.

Mkewe alikuwa amemwonya. "Anza na samahani. Hizo fursa adhimu zitakuja baadaye."

"Hakuna hotuba isiyo na utangulizi."

"Nani kakwambia utoe hotuba?"

Hata hivyo alijitahidi. Alifupisha utoto wa binti, akaruka nafasi ya lugha, na kabla mpakato haujaanza kunguruma sana alikuwa ameshafika panapohusika. Akavuta pumzi. Akamtazama binti yake machoni. "Sama..." akasema, na kioo kikawa cheusi.

Safari hii binti hakupiga simu mara moja. Alipopiga, sauti ilikuwa imetulia, na hiyo ndiyo iliyomtisha mama yake.

"Sama," alisema binti. "Nimepewa sama. Nusu ya samahani, Mama, naipeleka wapi?"

"Mwanangu, wallahi ni mashine."

"Kila akifika hapo? Mashine gani inajua neno linalokuja?" Mtoto akalia, akamnyamazisha. "Jumapili ijayo ndiyo ya mwisho. Ikizimika tena asinitafute. Huyu mtoto atakua, akimhitaji babu yake atamtafuta mwenyewe."

Sanifu alisikia yote. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia lililokuwa likisubiri kupelekwa kwa mteja, na miguu yake ilionekana chini.

Wiki ile alihangaika. Daktari alisema ni virusi, akavifukuza. Kisha akasema ni umeme wa nyumbani kwa Sanifu, una joto jingi. Kisha, kwa kuthibitisha, akabaki na mpakato kibandani, akaufungulia filamu za ngumi tangu anafungua mpaka anafunga. Watu waliuawa humo ndani kwa makundi na mpakato haukutoa hata jasho. "Unaona?" alisema. "Hapa kwangu haina ugonjwa. Ugonjwa uko kwako."

Sanifu akarudi nao nyumbani, akaketi, akaweka mto, akaweka mpakato, akaanza kufanya mazoezi ya samahani mbele ya uso wake mwenyewe kwenye kioo. Haukupita muda mpakato ukaanza kunguruma. Akafungua madirisha yote. Akavua viatu, sijui vilihusika vipi. Mwisho akatoa barafu kwenye friji, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka kati ya mto na mapaja. Barafu ikapoza mapaja na si kingine chochote, mfuko ukapasuka, na wakati huohuo mteja wa mapazia akabisha hodi. Sanifu aliinuka kumpokea. Mteja alimtazama suruali, akamtazama usoni, akasema pole kwa sauti ya mtu mwenye baba mzee kwao.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anapinda upindo. Alisubiri mteja aondoke.

"Kwa yule Daktari wako, hiyo kitu inakaa wapi?"

"Huo mpakato."

"Huo mpakato unakaa wapi?"

"Mezani."

"Na hapa?"

Sanifu akautazama mto. Cherehani iliendelea kidogo, ikasimama.

"Mimi ule mto nimeushona mwenyewe," alisema mkewe. "Siku umeme ulipokatika niliulalia. Niliamka shingo imelowa. Sasa wewe unaifunika mashine inayopumua kwa chini, unaikalisha humo kama kuku anayeatamia, halafu unasema imechemka."

"Umechemka. Na jina lake ni mpakato. Kupakata ni kuweka..."

"Simu ya mkononi mbona unaitia mfukoni?"

Sanifu akapapasa mfuko wa shati. Simu ya vibonye ilikuwemo.

"Na hicho kiti cha mikono," mkewe akaendelea, maana alikuwa ameanza kuona raha, "unakikalia kwa mikono?"

"Hayo," alisema Sanifu, "ni maneno ya kufafanua tu. Si majina hasa."

"Basi yafafanue ukiwa peke yako. Mimi nimekwenda kule, nimembeba mjukuu wangu, nimemwogesha, amenikojolea. Mtoto yule kisogoni ana harufu yake, ya maziwa na poda. Wewe huijui. Utakaa hapo na neno lako mapajani mpaka tukuzike, na huijui."

Akarudi kwenye upindo wake. Sanifu alikaa na suruali yake iliyolowa. Hakuwa na hasira, na hilo lilimshangaza mwenyewe. Alikuwa anajaribu kufikiria hiyo harufu, na ilikuwa haiji.

Jumapili alikwenda mezani mwenyewe. Alisogeza vipande vya mapazia, akaweka mpakato juu ya mbao tupu, akavuta kiti cha kulia. Hakuvaa tai. Mikono hakujua aiweke wapi, maana ilikuwa imezoea kushika kitu mapajani, akaishia kuikunja kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari wa kweli. Mkewe akakaa karibu naye, mguu wake ukiwa karibu na wa mumewe kwa makusudi.

Binti akatokea. Hakusalimia.

"Kwanza kabisa," alianza Sanifu, na mguu wa mkewe ukashuka juu ya vidole vyake kwa uzito wote wa safari ile aliyorudi amenenepa. Akavichomoa vidole. Mpakato ulikuwa kimya, baridi, hauna haraka. Kumbe kunguruma kule kulikuwa kumemsaidia kwa namna fulani. Sasa hakuna kitakachomkatiza.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Nilikuharibia harusi."

Akangoja kioo kizimike. Hakikuzimika. Binti alikuwa anamtazama tu.

"Basi?" aliuliza binti.

"Basi. Sina nyongeza."

Binti akajifuta pua kwa kiganja. "Mimi ulinikosea, Baba, lakini nililia, nikanawa uso, yakaisha. Uliyemkosea yuko hapa." Akaigeuza kamera.

Mkwe alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani, kisogo kidogo chenye nywele kinaonekana. Ndiyo, nywele alikuwa nazo.

"Shikamoo, Baba," alisema mkwe.

"Marahaba, mwanangu. Nimekukosea. Nakuomba radhi."

"Haina shida." Kisha akamtupia mkewe jicho, haraka, kama mtoto anayeangalia kama amepatia. Sanifu aliliona lile jicho.

"Mwambie," sauti ya binti ikasema. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi."

"Achana nayo."

"Mwambie."

Mkwe akamhamisha mtoto bega. "Baba, si kitu kubwa. Ni kwamba tangu ile siku, mimi nikitaka kusema mbele ya watu, maneno yanakaa. Kazini asubuhi ilikuwa ni mimi naambia vijana mambo ya usalama. Wafunge mkanda, wasiingie kwenye shimo kabla umeme imekatwa. Sasa hivi nimeachia mwenzangu. Nikisimama naona kuna mtu ataniuliza, ni ngapi? Wakicheka mambo yao, nafikiri ni mimi."

"Na mtoto?" binti akasema.

Mkwe akatabasamu kwa aibu. "Mtoto nalaza kwa mluzi. Kuimba naogopa. Nafikiri atashika makosa yangu."

Sanifu akakisogelea kioo. Makosa yote aliyokuwa amewahi kuyakamata yalikuwa kwenye karatasi, na karatasi ukiikwaruza kwa wino mwekundu inakwenda kwa mchapaji, haiendi nyumbani kulaza mtoto. Alikuwa amekipenda Kiswahili maisha yake yote, na huyu hapa mtu mzima ambaye yeye Sanifu alimnyang'anya hicho Kiswahili. Aliona haya. Ilimpanda toka shingoni mpaka kwenye upara, na mkewe aliyekuwa amejiandaa kumkanyaga tena akauondoa mguu.

"Mwimbie," akasema Sanifu.

"Sasa?"

"Sasa. Tafadhali. Mimi sitasema kitu."

Mama Sanifu akageuka akamtazama kama anayemtazama fundi aliyeahidi kumaliza kesho.

"Baba, ujue mimi siwezi..."

"Mwimbie, mwanangu."

Mkwe akatazama ukutani. Akaanza chini sana, akajikwaa, akaanza tena. Wimbo ulikuwa wa kujitungia, wa mtu aliye peke yake chumbani na mtoto asiyelala.

"Mtoto yangu nzuri, usilie basi, maziwa ziko, baba iko, mama itakuja."

Yangu, kwa mtoto. Maziwa ziko. Baba iko, kana kwamba baba ni kabati. Na mama naye anakuja kama basi la asubuhi. Makosa yalipita mbele ya Sanifu moja moja, yamenona, hayana haraka, na mkono wake wa kulia ukaanza kutembea wenyewe juu ya meza ukitafuta kalamu. Akaukamata kwa wa kushoto. Mkwe alikuwa amefumba macho sasa. Sauti ilikuwa imepata pa kukaa, ya chini, nzito, na kichwa kile kidogo kilikuwa kimelaza shavu kwenye koo lake, panapotokea maneno.

Hapo ndipo mpakato ulipoanza kuvuma.

Mchana ulikuwa mkali, mazungumzo yalikuwa marefu, na manyoya ya mahameli bado yalikuwa tumboni mwake. Ngurumo ikapanda. Sanifu aliijua hatua kwa hatua, alijua ikifika wapi kioo kinakufa. "Inachemka!" mkewe akanong'ona, na Sanifu hakumsahihisha, hakuwa na nafasi. Aliushika mpakato kwa mikono miwili, akauinua juu ya meza ili upepo upite chini yake, akausimamisha hewani mbele ya uso wake kama mhudumu aliyebeba trei ya chai ya watu wakubwa. Akaupulizia chini kwa mdomo. Mkewe akachukua kipande cha pazia akapepea.

"Baba, unafanya nini?" binti akauliza. Uso wake ulikuwa unatikisika, maana mikono ya Sanifu ilikuwa inatetemeka. "Tunaona dari."

"Asiache," Sanifu akasema kati ya pumzi na pumzi. "Mwambie asiache."

Wimbo ukafika mwisho. Ngurumo ikashuka kidogo, ikabaki. Mkwe akafumbua macho, akainamisha shingo kumtazama mtoto.

"Bado iko macho," alisema.

"Basi tena," akasema Sanifu. "Rudia toka juu."

"Iweke chini upumzike," mkewe akamwambia, akipepea. "Mikono itakuuma kesho."

"Iume," akasema Sanifu, na kule kitandani mkwe wake akaanza upya, kwa sauti zaidi safari hii, maziwa ziko, baba iko.